Kicheko Katika Mabano

Shangazi yangu wa Tabora alikaa na mswada wangu wa kwanza siku tatu. Siku ya nne akanirudishia, kaufunga kwa uzi wa kushonea magunia, akauliza swali moja tu: "Baba, huyu dada wa humu ndani huwa anaumwa hata tumbo?"

Nikamweleza kwa subira kwamba yule ni afisa usalama, amesomea ng'ambo, anazungumza lugha sita, anapiga shabaha gizani na amewaumbua mawaziri watatu kabla ya sura ya tano. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho. "Haya," akasema. "Lakini angehamia jirani na mimi, nisingemwomba hata chumvi."

Mswada ule uko chini ya kitanda mpaka leo na ndiko unakostahili kukaa. Tangu wakati huo nimepitia miswada mingi ya watu wengine, na kila mwaka hunijia miwili mitatu ya ukoo ule ule: riwaya ya siasa na taharuki, mbele yake mwanamke shupavu, mrembo, mwadilifu, asiyekosea. Waandishi wake wana nia njema. Wamechoka kumwona mwanamke katika hadithi za kijasusi akiwa chambo au maiti, wakaamua kumpandisha. Wamempandisha mpaka haonekani. Ninayoyasema hapa nayasema kwao, na kwa yeyote anayetaka kumweka mwanamke katikati ya riwaya ya siasa inayochekesha na kutisha kwa pamoja.

Uchovu wao hauna ubaya. Riwaya yetu ya upelelezi ililelewa na wanaume. Muhammed Said Abdulla alituletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha miaka ya sabini Elvis Musiba akamtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona, na baadaye Ben Mtobwa akamwachia Joram Kiango jiji la Dar es Salaam achezee apendavyo. Nimewasoma wote hao chini ya dawati, mwalimu akifundisha jiografia, wala sijutii. Lakini nilipojaribu kuhesabu wanawake wa humo wenye kazi yao, wenye akili yao, na wanaochekesha kwa kukusudia, vidole vya mkono mmoja vilinitosha. Nikumbushe tu kwamba mwaka 1984 Abdulla alitoa kitabu akakiita Kosa la Bwana Msa. Gwiji alikwisha kuwa na umri wa zaidi ya miaka ishirini vitabuni, na bado neno lililofaa kuwekwa jaladani lilikuwa kosa.

Ukitaka mwalimu, basi, panda boti uende Unguja ya miaka ya hamsini, kwa Yasmin wa Vuta n'kuvute. Adam Shafi aliitoa riwaya hiyo mwaka 1999, na mimi naiona kuwa riwaya bora ya taharuki ya kisiasa tuliyo nayo, ingawa wanaoifundisha mara nyingi huizungumzia kana kwamba ni kitabu cha historia. Ina makachero wa kikoloni, ina maandishi ya magendo, ina jela, ina bahari usiku. Na aliyetushika mkono kupita humo ni msichana wa Kihindi aliyeozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mfanyabiashara anayeweza kumzaa, akapelekwa Mombasa, akatoroka. Anaporudi Unguja, jamaa zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, huko Ng'ambo, mwanamke wa ngoma na ucheshi, chumba kimoja na moyo mpana.

Siasa inamkuta Yasmin akiwa hapo. Hakuitafuta. Inaingia kwa mlango wa mapenzi, ikiwa na sura ya Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayewindwa na serikali. Mwandishi mwoga angemfanya Yasmin aelewe kila kitu usiku mmoja na kuanza kuhutubia. Shafi hakufanya hivyo. Alimwacha msichana apende vitu vya msichana: nguo, taarabu, kupendwa. Akamwacha afanye maamuzi ambayo shangazi yeyote angeyatilia shaka. Matokeo yake msomaji anamkasirikia ukurasa huu, na ukurasa unaofuata mlango unapogongwa usiku, msomaji huyo huyo anabana pumzi. Ile pumzi ndiyo taharuki. Mtu hamhofii mtu asiyeweza kukosea, kama vile hakuna anayemhofia mwenye ngazi ya chuma anapopanda mnazi. Tunamtazama yule anayepanda kwa kamba mbovu. Amil Shivji alipoigeuza hadithi hiyo kuwa filamu mwaka 2021, aliwakuta watazamaji wengi walioisoma shuleni wakiwa bado wanabishana kama Yasmin alifanya sawa. Kubishana huko kwa miaka ishirini ndiko unakokutafuta.

Kezilahabi alithubutu mapema zaidi, na kwa gharama: riwaya yake Rosa Mistika, ya mwaka 1971, ilizuiwa shuleni. Msichana mwenye dosari hutisha watu kuliko mwanamume mwenye bastola. Ujue hilo kabla hujaanza, na lisikuzuie.

Sasa twende kwenye dosari yenyewe, maana hapa ndipo miswada mingi inapodanganya. Mwandishi ameambiwa shujaa awe na kasoro, naye anampa kasoro za kwenye usaili wa kazi: anajituma kupita kiasi, hawezi kuvumilia uonevu, hana muda wa kupumzika. Mmoja aliniletea mhusika ambaye kasoro yake ilikuwa uzuri uliowachanganya wanaume. Nilimrudishia mswada na kumwomba anitafutie na mimi kasoro kama hiyo.

Kasoro ya kweli humuumiza mtu mwingine asiye na hatia. Na kasoro inayofaa riwaya ya taharuki ina sharti la ziada: ukiitoa, hadithi inaanguka. Kama unaweza kufuta ulevi wa shujaa wako kwa kubadilisha bia kuwa soda, na njama yako ikabaki imesimama wima, huo ulevi ni urembo tu.

Tumjenge mmoja hapa hapa. Mwite Sikujua. Jina hilo litatupa utani wa bure siku ya kuhojiwa: "Jina?" "Sikujua." "Hukujua nini?" Ana miaka 41, anafanya kazi Dodoma na ni mmoja wa watu wa Hansard, wale wanaosikiliza kila neno linalotamkwa ukumbini mwa Bunge na kuliweka kwenye maandishi. Nimemchagulia kazi hiyo kwa sababu inampa jambo moja ambalo hakuna anayeweza kumpokonya: anasikiliza vizuri kuliko mtu yeyote mjini. Anajua mbunge gani hukohoa kabla ya kudanganya.

Nje ya kazi ni mhazini wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha cha akina mama wa mtaani kwake, na kutoka katika sanduku la kikoba hicho amechukua shilingi 640,000 bila kumwambia mtu.

Usimpe mama mgonjwa. Nakusihi. Mwandishi akiogopa kwamba shujaa wake atachukiwa, hukimbilia mama mgonjwa, na mara wizi unageuka kuwa sadaka. Sikujua alichukua zile hela kwa sababu ya send-off ya binti wa bosi wake. Alikuwa ameshaahidi laki tano mbele ya kamati, kwa sauti, kwa sababu aliyemtangulia alitaja laki nne. Laki moja na arobaini iliyobaki ikaenda kwenye kitenge cha sare na saluni. Kila msomaji wa Tanzania aliyewahi kukaa kwenye kikao cha harusi huku kalamu ikimzungukia anaijua hiyo hofu ya kuonekana mdogo. Hatamsamehe Sikujua, lakini atajiona.

Kiasi kitaje. 640,000, si "fedha nyingi". Msomaji akishajua kiasi, ataanza kuhesabu pamoja na mhusika: mshahara unatoka lini, atakopa wapi, akiuza friji atabakiwa na deni gani. Waandishi wa njama za mabilioni husahau kwamba bilioni haina uzito kichwani mwa mtu aliyeshikilia kitabu ndani ya daladala. Laki sita ina uzito.

Na aliwezaje kuzitoa? Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti, kusudi asiwepo wa kulifungua peke yake. Wapo waandishi wanaohangaika kubuni hazina ya siri Uswisi, na kila Jumamosi wanapita mbele ya sanduku hilo wala hawalioni. Kwa Sikujua ilikuwa hivi: Mama Zuhura alikwenda msibani Kondoa akamwachia ufunguo wake, na ufunguo wa tatu alikuwa nao binamu yake, mtu asiyeuliza maswali baada ya saa mbili usiku. Huo ni wizi wenye hatua, wenye saa, wenye mtu anayeweza kurudi ghafla. Sura nzima, na hujatoka mtaani.

Sasa ingiza taifa. Sikujua anagundua kwamba sentensi aliyoisikia kwa masikio yake na kuiandika kwa vidole vyake haimo katika nakala iliyotoka. Naibu waziri aliponyokwa ulimi akataja kampuni, na kampuni imefutika. Angekuwa yule dada wa mswada wangu, angetoka mbio na ushahidi mkononi. Huyu hawezi. Akienda kushtaki, kitu cha kwanza atakachoulizwa ni uaminifu wake, na uaminifu wake umo ndani ya sanduku lenye pengo. Waliofuta ile sentensi wanalijua pengo hilo. Kila mlango unaomtoa huku unamkabidhi kwa Mama Zuhura. Na kadiri hadithi inavyokwenda mbele, ndivyo utakavyogundua kwamba maafisa wa usalama wenye mitambo yao wanachukua siku nne kujua alikojificha, wakati Mama Zuhura amemuuliza muuza mchicha.

Hapo wizi mdogo na wizi mkubwa vinatazamana, na hujalazimika kusema lolote. Tafadhali usiseme. Nimeona miswada ambayo katika sura ya mwisho mhusika anasimama na kutamka kwamba kumbe sote ni wezi. Msomaji alishaliona hilo ukurasa wa arobaini.

Ila mwizi wa kikoba atapendwaje? Kwanza kwa ufundi: tunampenda mtu anayeifahamu kazi yake, na Sikujua akikaa na vifaa vyake masikioni tunataka akae hapo muda mrefu. Kisha kwa jinsi anavyojicheka yeye kabla hajamcheka mwingine. Lakini zaidi ya yote ni kwamba anajua alichokosa na anakijua kwa jina. Hatuchukii mwenye deni. Tunamchukia mwenye deni anayepita mbele yetu na simu mpya akatuuliza kwa nini tumenuna. Mruhusu Sikujua alipe shilingi elfu ishirini, kwa siri, akazirudishe sandukuni kwa njia ngumu kuliko aliyotumia kuziiba. Msomaji atakuwa wake moja kwa moja.

Sasa nizungumze na wanaume wenzangu, kifupi. Kama aya inayomtambulisha shujaa wako inaanzia kiunoni, ifute. Niulizeni mimi, yangu ilianzia hapo.

Waandishi chipukizi hudhani hatari ya siasa ni bunduki. Kwetu hatari ni karatasi. Ni dokezo lililopotelea masijala, saini iliyowekwa Ijumaa jioni, barua ambayo namba yake ya kumbukumbu imeitangulia tarehe yake. Kisa ninachowarudishia watu mara kwa mara ni cha Kenya. David Munyakei alikuwa karani kijana wa Benki Kuu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mikononi mwake zikawa zinapita hati za malipo makubwa kwa kampuni ya Goldenberg, iliyokuwa ikilipwa fidia ya asilimia 35 kwa madai ya kuuza nje dhahabu na almasi, na Kenya haijulikani kwa almasi hata kidogo. Munyakei akatoa nakala. Mwaka 1993 nakala zikawafikia wabunge wa upinzani na mambo yakalipuka. Yeye akakamatwa, akapoteza kazi, akahangaika miaka mingi, akafariki mwaka 2006. Katika kisa hicho chote hapana mtu aliyeruka kutoka ghorofani. Kuna karani, mashine ya kutolea nakala, na swali la kama mlango wa ofisi umefungwa. Ukishindwa kumtisha msomaji kwa vitu hivyo vitatu, helikopta haitakusaidia.

Kwa hiyo isome sheria jinsi mwizi anavyoisoma nyumba. Katiba ya Tanzania inataka wabunge wanawake wa Viti Maalum wasipungue asilimia 30, na viti hivyo hugawiwa kupitia vyama. Mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake, ubunge wake unakoma pia. Tazama tu jinsi hapo palivyojaa hadithi: mwanamke aliyeingia bungeni kwa orodha anaweza kutolewa kwa barua. Na Waziri Mkuu lazima atokane na wabunge wa majimbo, kwa hiyo ukimpandisha mheshimiwa wako wa Viti Maalum hadi kiti hicho katika sura ya kumi na tisa bila kumpitisha jimboni, kuna mwalimu mmoja mstaafu kule Songea atafunga kitabu chako na hatakifungua tena. Anayeandikia Kenya ana mlango wake mwingine: tangu uchaguzi wa 2013 kila kaunti kati ya zile 47 humchagua mwakilishi wake wa wanawake kwa kura za wananchi, kwa hiyo huyo haogopi orodha, anaogopa mikutano ya hadhara na gharama zake. Ni hofu mbili tofauti, na zitakuzalia wanawake wawili tofauti.

Saa nayo ipo, hujalazimika kutega bomu. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu humfikia Rais mwishoni mwa Machi na kuingia bungeni Aprili. Mkutano wa bajeti unaanza Aprili na kumalizika Juni, kwa kuwa mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Siku ya kupitisha bajeti, wabunge huitwa mmoja mmoja kwa jina, kila mtu ajibu kwa sauti yake mbele ya wenzake wote. Bunge likiikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Fikiri ukumbi ule, orodha ikisomwa, na mbunge mmoja ambaye jina lake liko mwishoni kabisa amekaa na bahasha mfukoni tangu asubuhi. Sasa weka kikoba: mwezi huo huo wa Juni, akina mama wamekubaliana kuvunja kikoba, sanduku lifunguliwe, kila mtu apewe chake.

Adui wa hadithi hii asipige kelele. Nimechoka na mawaziri wanaogonga meza na kucheka kama fisi. Kigogo wetu wa kutisha anakujulia hali. "Dada'ngu Siku, binamu yako anaendeleaje na presha? Nilimwona kliniki Jumanne, nikamwambia kijana wangu amrudishe na gari." Humo hamna tusi hata moja, na Sikujua hatalala usiku huo. Kwa Kiswahili vitisho vikali kabisa hupita ndani ya salamu, na mwandishi anayejua hivyo hahitaji kumwaga damu nyingi.

Hapo tumefika kwenye ucheshi, jambo ambalo siwezi kulipita haraka.

Ukifungua Taarifa Rasmi za Bunge utaona kwamba mbunge akisema jambo na ukumbi ukacheka, wanaoandika huweka neno Kicheko katika mabano. Wakishangilia wanaweka Makofi. Nimewahi kusoma kurasa nyingi za hizo taarifa kwa raha tu, na nakushauri ufanye hivyo wiki nzima kabla ya kuandika mazungumzo yoyote ya kisiasa. Utajifunza mdundo wake: mbunge anaunguruma dakika tisa juu ya barabara ya jimboni kwake, anaisuta Serikali, anasema haungi mkono hoja mpaka apate maelezo, kengele inalia, naye papo hapo anaunga mkono hoja. Utajifunza pia kile Kiswahili cha pekee cha ofisini, ambamo Serikali iko mbioni, mchakato unaendelea, upembuzi yakinifu umekamilika na kazi itaanza kadri fedha zitakavyopatikana. Hakuna mchekeshaji aliyebuni maneno hayo. Ni mali ya umma, yachukue.

Lakini riwaya haina mabano. Hutakuwa na mtu wa kumwambia msomaji acheke hapa. Kwa hiyo utani ukae ndani ya kauli ya mtu ambaye uso wake haujabadilika. Na dawa nzuri niijuayo ni kuichukua lugha ya mahali pakubwa na kuipeleka mahali padogo. Sikujua ameisikiliza lugha ya mawaziri miaka kumi na minne. Siku ya kubanwa, ndiyo itakayomtoka.

"Siku, kikoba tunavunja tarehe ishirini na nane. Hela zipo?"

"Zipo, Mama Zuhura. Ziko katika hatua za mwisho."

"Hatua za mwisho za nini?"

"Za upatikanaji."

Mama Zuhura alimtazama kuanzia kandambili mpaka kilemba. "Mwanangu, mimi nimezaa saba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa katika hatua za mwisho za upatikanaji. Mtoto ama yupo, ama hayupo."

Anayechekesha hapo ni Mama Zuhura, na hilo nimelikusudia. Shujaa mcheshi akizungukwa na watu wasio na utani huwa anachosha kama mgeni anayecheka peke yake sebuleni. Mgawie kila mtu. Dereva wa bajaji, mlinzi wa getini, hata yule kijana wa kigogo aliyetumwa kumfuatilia na ambaye tangu asubuhi anatafuta mahali pa kuchaji simu. Kwa Sikujua mwenyewe weka kanuni: hutania anapoogopa. Ukishaizoesha kanuni hiyo kwa msomaji, kuna ukurasa mmoja, uwe mmoja tu, ambapo anafungua mdomo kutania na hakitoki kitu. Msomaji atajua hali imekuwa mbaya kabla hujamwambia.

Na sisi tuna hazina ambayo mwandishi wa London hana: utani wa makabila. Katika msiba mtani ana ruhusa ya kusema yasiyosemeka. Anaweza kulizuia jeneza mpaka alipwe, akamsema marehemu kwa uvivu na madeni yake, na wafiwa wakacheka na machozi usoni. Sasa chukua msiba wa kigogo, viti vya mbele wamekaa wakubwa wote, kamera zipo, na mtani wa marehemu anasimama na kudai marehemu ameondoka na daraja zima mfukoni. Watu wanacheka. Watu wawili hawacheki. Sikujua, ambaye kazi yake ya maisha ni kusikiliza ukumbi ukicheka, anawaona. Unaweza kujenga nusu ya riwaya juu ya watu wawili ambao hawakucheka.

Mambo machache ya upishi, nisije nikasahau. Buni wizara, buni kampuni, buni hata wilaya kama unaweza. Pauline Kea alijenga Sagamoyo yake katika tamthilia ya Kigogo na hakuna aliyehitaji ramani kuielewa. Kuchomeka jina la mtu halisi hakukupi ujasiri, kunakupa kesi tu. Usifungue zaidi ya majina matano katika sura ya kwanza. Kama unatoa sura kwa sura kupitia WhatsApp, kama wengi siku hizi, usikate kila sura mtu akiwa mtutuni mwa bunduki, maana ikifika sura ya nane msomaji ameshazoea na anakula huku akisoma. Kata pale ambapo mhusika amelazimika kuchagua na hajachagua. Na hatua za polisi, mahakama na Bunge, mtafute anayezifanya umnunulie chai akusimulie siku yake ya kawaida. Siku ya kawaida, si ya ajabu.

Mswada ukishakamilika, mpe mtu asiyekuwa mwandishi, na usimuulize kama ameupenda. Atakudanganya kwa adabu. Mwache asome, kisha subiri swali lake la kwanza.

Nilipomaliza mswada wangu wa pili nilimpelekea shangazi, kaka yangu akiwa shahidi. Ndani yake mlikuwa na waziri aliyetoroka usiku kupitia mpaka wa Namanga, kampuni iliyofilisika, na mwanamke mmoja wa makamo aliyekuwa na deni asilotaka lijulikane. Siku mbili zikapita. Usiku wa tatu simu ikalia, karibu saa tano, saa ambayo shangazi huwa amelala muda mrefu.

"Zile hela za wenzake," akasema, hata salamu hakuna. "Alizirudisha?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimehangaika sana na waziri na mpaka wa Namanga, nikasahau kabisa kuiandika hiyo sura. Nikawasha taa.